NYONGEZA YA MSHAHARA NA KADI NYEKUNDU YA DUKANI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa idara ya mizigo katika mkutano wa tawi. Yameandikwa hapa kwa ombi la Katibu.)



Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya msingi ya misheni nikaishia darasa la nane, na tangu hapo masomo yangu yamekuwa ni mabehewa, magunia na mizani. Katibu aliponitaka niseme mbele yenu nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Ndugu yangu, sema yale yale uliyotuambia siku ile tulipokuwa tunakula chini ya mti." Basi nitasema hayo, na nikikosea mnisahihishe.

Neno langu ni juu ya zile kadi nyekundu na za manjano zinazobandikwa katika supamaketi, zimeandikwa OFA, au BEI IMEPUNGUZWA, au NUNUA MBILI UPATE YA TATU BURE. Labda mtu atauliza, jambo hili lina uhusiano gani na chama? Chama ni cha kutetea mshahara, na mambo ya sukari na sabuni ni ya nyumbani. Nami najibu hivi. Tunapokaa mezani na mwajiri, twabishana miezi mingi juu ya nyongeza. Viongozi wetu wanakosa usingizi, nasi tunangoja. Kisha nyongeza hiyo tuliyoipata kwa taabu yaweza kututoka mfukoni kwa dakika moja mbele ya rafu, nasi tukaenda nyumbani tunacheka, tukidhani tumepata faida. Je, kuna maana gani kulinda mlango ambao mshahara unaingilia, na kuuacha wazi mlango unaotokea?

Sasa nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe. Duka sitalitaja, maana sikuja hapa kugombana na duka moja.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari 2025. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa na Shs. 4,000/- na mama watoto alikuwa ameniandikia karatasi: unga pakiti mbili, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, na sabuni ya unga nusu kilo. Akaniambia, "Baba watoto, nunua haya tu. Zinazobaki tununue sweta ya kijana na madaftari." Sweta ilikuwa Shs. 850/- na madaftari Shs. 400/-. Hesabu ilikuwa imetimia, na nauli yangu ya mwezi ingebaki.

Nilipoingia dukani, kitu cha kwanza nilichokiona ni mlima wa chupa za mafuta za lita 3. Juu yake kadi nyekundu: ZAMANI 1,150, SASA 989, OKOA 161. Nikajiambia, mafuta hayaozi upesi, na hapa ninaokoa Shs. 161/- kwa kila chupa. Nikachukua mbili. Mbele kidogo nikaona sabuni ya unga ya kilo moja: ZAMANI 420, SASA 365. Nikachukua mbili tena. Karatasi ya mama watoto ilikuwa mfukoni, lakini nawaambieni kweli, sikuitazama tena. Nilijiona mwanamume mwerevu anayeiokolea nyumba yake fedha.

Kwa keshia nikalipa Shs. 3,438/-. Nikatoka na Shs. 562/- tu.

Nilipofika nyumbani mama watoto hakupiga kelele. Alinipokea mizigo, akaniuliza, "Na sweta?" Nikamwonyesha chupa nikamweleza habari ya ofa. Akaingia chumbani akaleta kopo la majani ya chai ambamo huweka risiti. Mimi sikujua kwamba anaziweka. Akatafuta akatoa risiti ya mwezi wa Novemba ya duka lile lile: mafuta yale yale, lita 3, Shs. 980/-.

Ndugu zangu, tazameni vizuri. Novemba, bila kadi, bila ofa, chupa ile ilikuwa Shs. 980/-. Januari nikaambiwa kwamba nimeokoa Shs. 161/- kwa kuinunua Shs. 989/-. Tena hayo si yote. Tulipoisoma risiti yangu ya siku ile tukaona keshia ameandikiwa na mashine Shs. 1,049/- kwa kila chupa, si Shs. 989/- iliyokuwa kwenye kadi. Kwa chupa mbili nilizidishiwa Shs. 120/-.

Jumatatu kijana alikwenda shule na sweta ya zamani, imetoboka viwiko na kumbana mabega. Jumatano akarudishwa nyumbani kuifuata sweta mpya. Nikakopa Shs. 1,000/- kwa mwenzangu wa zamu, ambaye yuko hapa leo na ananitazama. Deni nimelipa. Lakini siku mbili za masomo alizokosa kijana wangu, nani atazilipa? Na nyumbani tulikuwa na lita 6 za mafuta.

Baada ya hapo nilirudi dukani na risiti. Kadi ya Shs. 989/- ilikuwa ingali pale. Nikamwita meneja, nikamwonyesha kadi na risiti, akanirudishia Shs. 120/- bila maneno mengi. Lakini nilipomwuliza, "Mafuta haya mliyauza Shs. 1,150/- kwa siku ngapi, na lini?" hakuwa na jibu. Alisema bei hutoka makao makuu. Yawezekana bei ilipanda kweli mwezi wa Desemba, mambo hupanda. Siwezi kuapa kwamba haikupanda. Lakini hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo nataka mlichukue leo.

Ninyi wa idara ya mizigo mnajua kazi yetu. Behewa likifika, hatumwulizi aliyelileta, "Magunia yalikuwa mangapi?" tukaamini atakalosema. Tunaichukua hati iliyoandikwa pale mzigo ulipopakiwa, tunahesabu, tunalinganisha. Hati ikisema 400 na sisi tukahesabu 398, tunajua mawili hayapo. Kama hati haipo, hatujui kitu; mtu yeyote aweza kusema lolote. Basi kadi nyekundu ni kama mwenye mzigo anayejiandikia hati mwenyewe baada ya safari kwisha. Yeye ndiye anayesema bei ya zamani, yeye ndiye anayesema bei ya sasa, na yeye ndiye anayekutolea hesabu ya ulichookoa. Ni mdai, ni shahidi, na ni hakimu. Neno SASA twaweza kulihakikisha kwa risiti. Neno ZAMANI hatuwezi kulihakikisha, ila sisi wenyewe tuwe tumeliandika.

Msidhani mambo haya ni ya Kenya tu, au ya watu waliosoma kidogo. Katika Septemba 2024, Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia ilizishtaki mahakamani kampuni mbili kubwa za supamaketi za nchi hiyo, Woolworths na Coles. Madai ya Tume yalikuwa kwamba bei za mamia ya bidhaa zilipandishwa kwa muda mfupi, kisha zikashushwa kidogo na kutangazwa kuwa zimepunguzwa, hali zilikuwa sawa na bei ya kawaida ya kwanza au kuizidi. Kampuni hizo zilipinga madai. Nitawapa mfano mmoja kutoka katika madai hayo, maana ni wazi kama maji. Pakiti ya biskuti za Oreo ya gramu 370 iliuzwa kwa dola 3.50 za Australia kwa siku zisizopungua 696. Tarehe 28 Novemba 2022 ikapanda kuwa dola 5. Ikakaa hapo siku 22. Tarehe 20 Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, ikawekewa kadi ya kupunguzwa bei: ilikuwa dola 5, sasa 4.50. Mnunuzi aliyeitazama kadi aliona ameokoa nusu dola. Lakini aliyekumbuka bei ya siku 696 alijua ameongezewa dola moja nzima.

Je, Tume ilijuaje? Ilikuwa na hesabu ya bei, siku kwa siku. Ndilo lile kopo la majani ya chai la mama watoto, ila kubwa zaidi.

Sasa nitataja hila nyingine kwa kifupi, ili kila mmoja azitambue.

Kwanza, ukubwa wa pakiti. Mwalimu wetu wa hesabu pale misheni alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka tukachoka: "Tafuta kwanza bei ya moja." Ile sabuni yangu ya kilo moja ilikuwa Shs. 365/- kwa ofa. Kando yake kulikuwa na ya nusu kilo, haina kadi wala rangi, kwa Shs. 175/-. Nusu mbili ni Shs. 350/-. Kwa hiyo kilo yenye ofa ilikuwa ghali kuliko nusu mbili zisizo na ofa, kwa Shs. 15/-. Sisi tumezoea kwamba kikubwa ni nafuu, na mara nyingi ni kweli, lakini si sheria. Gawanya. Na utazame gramu pia, si pakiti. Pakiti yaweza kubaki na sura ile ile na bei ile ile, huku uzito ukipungua kutoka gramu 500 kuwa 450. Hapo bei imepanda bila kupanda.

Pili, bei ya kwenye rafu na bei ya kwenye mashine. Hili limewapata wengi, nimewasikia mkinung'unika. Kadi hubadilishwa kwa mkono, mashine hubadilishwa kwa kompyuta, na mara nyingine havikubaliani. Ikiwa ni makosa, basi ni makosa ambayo mnunuzi ndiye anayeyalipia asipoangalia. Dawa yake ni kupiga picha ya kadi kwa simu na kusoma risiti kabla ya kutoka mlangoni. Mkishafika nyumbani, ni taabu kurudi, na nauli italiwa.

Tatu, tarehe. Kitu kinaweza kuwa rahisi kwa sababu siku zake zinakwisha. Hilo si kosa. Maziwa ya kunywa leo yakiuzwa nusu bei, nunua unywe leo. Kosa ni kununua pakiti sita za kitu kitakachoharibika kabla hujamaliza ya pili.

Nne, ile ya tatu ya bure. Jiulize: kama si kadi, ningenunua ngapi? Ikiwa ni moja, basi hukupewa moja bure. Umeuziwa moja zaidi. Tena kitu kikiwa kingi nyumbani hutumika kwa wingi. Lita zangu 6 za mafuta hazikudumu mara sita ya lita moja. Sote tulimimina.

Nataka niseme haki pia, maana mtu akisema upande mmoja tu haaminiki. Si kila ofa ni uongo. Duka laweza kuwa na mali nyingi ghalani linataka kuitoa. Mwenye kiwanda aweza kutaka watu waionje bidhaa mpya. Mimi mwenyewe nimenunua mchele kwa ofa ya kweli, nami nilijua ni ya kweli kwa sababu mama watoto alikuwa na bei ya miezi mitatu nyuma. Sisemi tusinunue ofa. Nasema tusinunue neno ZAMANI bila ushahidi.

Mnakumbuka gorogoro la sokoni. Mama akikupimia mahindi, hulijaza mpaka lisimame, kisha akiwa na moyo mwema huongeza kiganja kimoja juu. Hiyo twaiita nyongeza, na kila mtu aiona kwa macho: kipimo ni kile kile cha jana, na kiganja kimezidi. Ofa ya kweli yapasa kuwa hivyo. Ikiwa mtu amelibonyeza gorogoro ndani kwanza, kisha akaongeza kiganja, hiyo si nyongeza.

Vilevile, ndugu zangu, tusiwatukane vijana wa keshia. Nimemwona mtu akimfokea msichana wa keshia kwa ajili ya shilingi ishirini. Msichana yule hakuandika kadi, wala hakupanga bei katika mashine. Yeye ni mfanya kazi kama sisi, amesimama tangu asubuhi, na mshahara wake huenda ni mdogo kuliko wetu. Mwite meneja. Zungumza kwa heshima, uwe na risiti mkononi. Mtu mwenye karatasi hana haja ya kupiga kelele.

Je, sheria inasema nini? Katibu amenisaidia hapa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kile anachokinunua, na haki ya kulindwa katika fedha zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni maelezo ya uongo mtu akisema kuna nafuu fulani ya bei na kumbe haipo. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya kupotosha juu ya bei, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Habari za uzito na vipimo hupelekwa kwa maafisa wa vipimo. Kwa hiyo hatuko bila ngao. Lakini afisa atakuuliza swali lile lile nililomwuliza meneja: bei ilikuwa ngapi, na lini? Usipokuwa na jibu utarudi mikono mitupu.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna sheria inayotumika tangu tarehe 28 Mei 2022: mwuzaji akitangaza kwamba amepunguza bei, ni lazima aonyeshe bei ya chini kuliko zote aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Neno ZAMANI limefungwa kamba. Mimi ni mtu wa mizigo tu, lakini naona sheria ya namna hiyo ingetufaa, na viongozi wetu wakikutana na wakuu wa serikali ningependa waitaje.

Wakati tukingoja, kuna tunaloweza kufanya wenyewe. Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, tawi liwe na daftari la bei. Tuchague vitu kumi ambavyo kila nyumba hutumia: unga, sukari, mchele, maharagwe, mafuta ya kupikia, majani ya chai, maziwa, chumvi, sabuni ya kipande na sabuni ya unga. Wachaguliwe wanachama wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, waende madukani tarehe 20 na tarehe 5 ya kila mwezi, yaani kabla ya mshahara na baada yake, waandike bei na uzito. Karatasi ibandikwe kwenye ubao wetu. Mwanachama akiona kadi nyekundu, aje atazame ubao kwanza.

La pili, kila mwanachama aweke risiti zake. Kopo la majani ya chai latosha.

La tatu, daftari hilo lisiwe la dukani tu. Tutakapokwenda tena mezani na mwajiri, tuliweke juu ya meza. Siku zote mwajiri hutuambia kwamba maisha hayakupanda sana. Nasi siku zote hujibu kwa maneno na hasira. Safari hii tujibu kwa kurasa: unga ulikuwa hivi, leo ni hivi, sukari ilikuwa hivi, leo ni hivi. Mtu aliyeandika bei kwa miezi 12 ni vigumu kumdanganya, akiwa dukani au akiwa ofisini.

Najua wako watakaosema kwamba habari za sukari ni za wanawake. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka ile Jumamosi. Mimi ndiye niliyekwenda na Shs. 4,000/-, na aliyekuwa na ushahidi ni mke wangu. Nimekwisha kumwomba radhi, na sasa risiti tunaziandika pamoja kila Jumapili jioni, kijana akitusomea tarakimu. Amevaa sweta yake.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara wetu ndio mali yetu, hatuna nyingine. Basi tuuandikie daftari.